Rangi Nyekundu ya Muzee Amissi

Liège, 12 Januari 2025

Dada Saliha,

Assalam alaykum wa rahmatullah. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na mwanao Fatouma na wote wa nyumba yetu ya Buyenzi. Mi niko salama, alhamdulillah, ila baridi ya mwaka huu imenikomesha, natembea nimejifunga kama mgonjwa wa malaria. Anayekuletea ni Consolate, yule muuguzi anayekuja huku mara kwa mara kumwona binti yake. Nimempa sabuni, kitambaa cha Fatouma, na kichupa cha plastiki chenye kifuniko cha bluu. Kichupa usikifungue kwanza. Soma mpaka mwisho.

Najua simu yangu hupokei tangu arobaini ya Baba. Ni miaka miwili sasa. Sikuja kumzika, na uliyoniambia siku ile nimeyabeba. Basi naandika, labda karatasi hutaikatia.

Mwezi wa kumi na moja nilianza kuona moshi kwenye jicho la kushoto. Daktari wa macho akatazama nyuma ya jicho, akakuta kifundo kidogo cha mishipa ya damu. Akaniuliza, kuna mtu kwenu aliyepoteza jicho akiwa kijana? Nikamwambia Baba, jicho la kushoto, cheche za kuchomelea. Akauliza Baba alikufa kwa ugonjwa gani. Nikasema figo. Akauliza na wengine? Nikamtaja Shangazi Mwanne aliyekufa kwa uvimbe wa kichwa. Daktari akaweka kalamu chini. Dada, jicho la Baba halikuwa cheche. Jicho, kichwa na figo vyote ni ugonjwa mmoja, na unarithiwa.

Nakueleza kwa lugha ya duka letu la vipuri. Unakumbuka Baba na kopo lake la rangi nyekundu? Kipuri kilichokufa, breki iliyoisha, beringi iliyolika, alikipaka rangi papo hapo ili asije mtu akakirudisha kwenye rafu. Jumamosi Libère anakuja na nyundo, chochote chenye rangi anakivunjavunja na kupeleka chuma chakavu. Basi ndani ya kila seli ya mwili kuna protini inayofanya kazi ya Baba. Inaitwa VHL. Inatia alama protini nyingine, HIF, ambayo ni mjumbe wa kusema "hewa imepungua, leteni damu!" Hewa ikiwepo, HIF inatiwa alama na kuvunjwa haraka. Lakini VHL ikiharibika, hakuna wa kupaka rangi. HIF haivunjwi, inajaa, inapiga kelele kwamba seli inakosa hewa, na hewa ipo tele. Mishipa ya damu inaota, seli zinaambiwa zikue, zinakua. Kwenye figo ndivyo kansa inavyoanza. Ni kama dukani Baba alipolazwa, hakukuwa na wa kupaka, breki zilizokufa zikarudi kwenye rafu.

Kila mtoto wa Baba ana nusu ya uwezekano wa kurithi kosa hilo la VHL. Mi ninalo, wamethibitisha. Wewe hatujui. Tema mate kwenye kichupa mpaka kwenye mstari, funga, mpe Consolate. Mi nafanya kazi labo ya vipimo, unajua, na daktari wangu amekubali kupima.

Nakuomba, Dada.

Mdogo wako,
Houda


Buyenzi, 20 Februari 2025

Houda mudogo wangu,

Wa alaykum salaam. Consolate alileta barua mpaka dukani kwa miguu, maana mafuta hakuna, magari yamelala kwenye foleni siku ya nne. Fatouma anakusalimu, kitambaa amekipenda, sabuni tumeshaimaliza. Posa yake imekuja, kijana wa watu wa matairi, inshallah mwaka ujao tutakula pilau. Kwenye chumba cha Baba tumeweka mupangaji, Dorothée, mama wa Uvira aliyekuwa anauza Gatumba mpaka maji yakamufukuza. Ni Mukristo, lakini musafi, na anaimba toka asubuhi. Mi muzima. Barua yako amenisomea Fatouma, miwani yangu imechoka.

Haya, salamu zimeisha.

Kwanza, nani alikuambia hakukuwa na wa kupaka rangi Baba alipolazwa? Ulikuwepo? Mi ndiye niliyepaka! Asubuhi niko hospitali na supu, adhuhuri niko dukani na lile kopo, jioni narudi kumugeuza ubavu. Hakuna breki hata moja iliyorudi kwenye rafu. Muulize Libère. Ukiwa mbali usiandike mambo usiyoyaona.

Pili. We ulipata shule. We ulipata ndege. Wateja wakija Baba anawaambia "Houda wangu wa Ulaya", na mi niko pale pale mbele yao nimebeba sanduku la bolti, hanitaji, kama vile mi ni rafu. Miezi saba nilimuosha, Houda. Nilimulisha kwa kijiko. Na siku ile ya mwisho aliita jina moja, na jina hilo apana langu. Sijawahi kukuambia. Nakuambia leo ili ikuume kama ilivyoniuma.

Sasa naona hata ugonjwa wa Baba umekuwa wako. Unaandika "mi ninalo, wamethibitisha" kama mutu aliyepewa hati ya nyumba. Hongera!

Na mate yangu unayatakia nini? Toka lini mutu wa Buyenzi akatoa mate yake yapande ndege, yakafunguliwe na watu asiowajua? Marehemu Mama alikuwa anazika hata kucha zetu nyuma ya choo. Kichupa chako kiko juu ya kabati, na kitakaa huko.

Mungu akuponye jicho. Hilo nasema kwa moyo.

Dada yako,
Saliha binti Amissi


Liège, 9 Machi 2025

Dada Saliha,

Ramadhani karimu. Mungu azipokee funga zako na za Fatouma. Hongera kwa posa.

Kuhusu rangi nimekosa. Sikujua ni wewe. Nisamehe.

Jina aliloita Baba, nimelisoma nikiwa kwenye treni, nikashindwa kushuka kituo changu.

Narudi kwenye mate. Kila mtu ana wapaka rangi wawili katika kila seli, mmoja wa kutoka kwa baba, mmoja wa kutoka kwa mama. Aliyerithi yule mbovu wa Baba anaishi miaka bila kujua, kwa sababu yule wa Mama bado anafanya kazi. Halafu siku moja, katika seli moja tu ya figo, na yule wa Mama anaharibika. Huumwi, husikii kitu. Baba alikojoa damu, tukasema ni jua na kazi nzito. Wakati ule uvimbe ulikuwa umeshatoka nje ya figo. Ukikutwa mdogo unakatwa, figo linabaki, mtu anaishi. Ndiyo sababu nakusumbua.

Na kama hujifikirii wewe, mfikirie Fatouma. Ukiwa nalo, naye ana nusu. Usipokuwa nalo, yeye yuko huru kabisa, hana haja hata ya kupimwa.

Nimetuma kichupa cha pili, labda cha kwanza kimejaa vumbi juu ya kabati. Unaweza kutema baada ya kufuturu, subiri nusu saa. Consolate anarudi huku baada ya Idi.

Houda


Buyenzi, 2 Aprili 2025

Mudogo wangu mupenzi Houda,

Idi mubarak! Tumekula vizuri, tumeswali pamoja na umati wa watu, Dorothée amekuja na sahani ya samaki akakaa na sisi kama mutu wa nyumbani. Fatouma alivaa kitambaa chako, wote wameuliza kimetoka wapi.

Nimefikiri maneno yako. Kichupa hicho hapo, kimejaa mpaka kwenye mstari, kama ulivyosema. Nisamehe ukali wangu, ilikuwa funga na joto.

Dada yako akupendaye,
Saliha


Liège, 18 Mei 2025

Dada Saliha,

Salaam alaykum. Natumaini mvua zimewaacha salama. Consolate ananiambia Buyenzi yote inatembea kwa miguu, na kwamba yeye amepungua kilo nne kwa ajili ya serikali.

Majibu yametoka. Mate yaliyokuwa kwenye kichupa hayana lile kosa. Nilitazama mwenyewe mara mbili. Basi, mwenye mate yale hana ugonjwa wa Baba.

Mi wamenipiga picha ya figo. Upande wa kulia kuna kivimbe cha sentimita tatu na kidogo, kushoto vitatu kama punje za mahindi. Wanasema vile vidogo wataviangalia tu, kile kikubwa watakitoa Julai na kuacha figo. Kuna pia vidonge vipya vinavyomzuia HIF asipige kelele, daktari anafikiria kunipa baadaye. Nimeshaanza kuota nakojoa damu.

Niseme kitu nilichokificha? Nakuonea wivu. Umebaki na nyumba, duka, mtoto, Buyenzi, watu wanaokujua toka unanyonya. Ulikuwa na mikono yako juu ya Baba mpaka mwisho. Mi nilikuwa na picha za simu. Ulipoandika kwamba uliosha mwili wake miezi saba, wewe ulidhani unalalamika. Mi nilisoma kama maskini anayesoma orodha ya vyakula. Na sasa hata figo zako nzima.

Kitu kingine, usishangae. Mama aliwahi kukusimulia ulizaliwa wapi, na nani alikuwepo? Nataka kujua tu.

Houda


Buyenzi, 15 Juni 2025

Houda mudogo wangu,

Wa alaykum salaam. Idi kubwa imepita, nyama tumegawa, na sehemu yako nimemupa Libère maana ana watoto wengi. Fatouma muzima. Biashara kidogo kidogo. Namba za vipuri sasa anasoma Fatouma, siku hizi wanaziandika ndogo kama mayai ya chawa.

Barua yako nilimwambia Fatouma aisome mara mbili, halafu nikaichukua nikaikunja nikaiweka kifuani. Siku tatu nimetembea nayo sokoni! Wanauliza, Mama Fatouma, umepata habari njema? Nasema ndiyo, ndiyo. Mudogo wangu wa Ulaya ananionea wivu. Mi, Saliha wa bolti! Miaka arobaini na sita nangojea mutu anionee wivu, na kumbe ni we. Usinichukie, nakuambia ukweli. Nilifurahi vibaya.

Halafu nikakumbuka ule uvimbe wako na nikaona haya, nikatoa sadaka musikitini kwa jina lako. Mungu awaongoze hao madaktari.

Ati nilizaliwa wapi? Swali gani hilo? Nilizaliwa hapa hapa, barabara ya saba, kwenye chumba anacholala Dorothée, na Shangazi Mwanne ndiye alinipokea. Kila mutu anajua. Paji hili la uso la Baba unafikiri nilinunua?

Unaona, kuna kitu kimoja Baba alikupa we peke yako, akaninyima mimi kwa wema. Labda alinipenda kwa njia hiyo.

Ni mi,
Saliha binti Amissi


Buyenzi, 9 Septemba 2025

Houda,

Salaam. Toka Juni hujaandika. Consolate anasema wamekukata, umepona, umeshaanza kazi. Alhamdulillah. Kwa nini huandiki? Au hasira? Labda nastahili.

Barua hii naandika mwenyewe, Fatouma hajui. Nimefumba jicho la kushoto ili mistari isitembee.

Jumamosi Libère alikuja na nyundo yake. Nilimupa chungu ya vipuri vyenye rangi. Akakipiga kimoja, cha pili akakishika, akakigeuza, akasema, "Mama Fatouma, hii mupya. Hii bado na mafuta ya kiwandani." Nikamwambia acha utani. Akanionyesha. Breki mupya kabisa, nimeipaka nyekundu kwa mukono wangu. Nikaenda mbio kwenye rafu. Breki iliyokufa, nyembamba kama ukucha, imelala pale safi, inangojea muteja. Houda, ningeweza kuua mutu kwenye muteremko. Baba miaka thelathini hakukosea hata moja, na mi nilikuandikia kwa kiburi kwamba mi ndiye niliyepaka.

Jicho la kushoto lina moshi. Lina moshi toka kabla ya barua yako ya kwanza. Ndiyo maana nilisomewa. Miwani haikuchoka.

Nikaenda kwa daktari wa macho. Akatazama, akaniuliza, kuna mutu kwenu aliyepoteza jicho akiwa kijana? Maneno yale yale uliyoyaandika. Nikatoka bila kujibu, nikarudi kwa miguu mpaka nyumbani, miguu haikuniuma hata kidogo.

Sasa sikia. Mate uliyopima apana yangu. Ni ya Dorothée. Nilimwambia ni mutihani wa meno wa Wazungu, akacheka, akatema mpaka kwenye mstari, akauliza kama watamupa makaratasi ya kwenda Canada. Nikaandika jina langu juu yake.

Utauliza kwa nini. Niliogopa kuwa nalo. Hiyo utaielewa. Lakini, wallahi, niliogopa pia kutokuwa nalo. Nilisema, kama hata hilo Baba amempa Houda peke yake, mi nimebaki na nini? Basi nikaona bora nisijue. Halafu ukaandika unanionea wivu, na ikawa tamu mno, nikashindwa kuitema.

Nimefikiri sana juu ya yule HIF wako. Ana hewa, hewa imemuzunguka, na anapiga kelele kwamba wamemunyima. Mi nilikuwa na Baba miaka yote ndani ya nyumba, kikohozi chake, chai yake, na bado nilikuwa napiga kelele. Hakuna aliyenipaka rangi.

Kilichonivunja ni Fatouma. We uliandika, kama mi sina, yeye huru. Basi nimemufungua mutoto wangu kwa mate ya mupangaji. Ndoa ni Januari. 

Kichupa cha pili hiki hapa. Nimetema mbele ya Consolate ili awe shahidi. Haya ni mate yangu. Mama anisamehe.

Saliha


Liège, 4 Oktoba 2025

Dada Saliha,

Salaam alaykum. Kidonda kimefunga, nalala ubavu wowote sasa. Fatouma mpe busu bila kumwambia sababu.

Unalo. Pole, Dada yangu. Kosa ni lile lile, mahali pale pale, kama langu. Nenda wiki hii ukapigwe ekografi, ile picha ya figo zote mbili. Usingoje barua nyingine. Nimeandika karatasi ya kumpa daktari, kwa Kifaransa, iko ndani ya bahasha hii.

Sasa zamu yangu, na ningependa usiisome umesimama.

Nilijua.

Daktari alitafuta lile kosa moja tu, akasema halipo, akaenda nyumbani. Mi ndiye niliyebaki labo, nikaweka mate yale kando ya yangu kutazama mengine, jambo ambalo sikuruhusiwa. Ndugu wa baba na mama mmoja wanafanana karibu nusu. Mate yale hayakuwa na undugu wowote na mimi, sio wa Baba, sio wa Mama. Hiyo ilikuwa Mei.

Mtu yeyote mwenye akili angesema, Saliha amebadilisha kichupa. Unajua nilichosema mimi? Nilisema, Saliha si wetu. Kwetu Buyenzi watoto wangapi wamelelewa chini ya jina la nyumba, na hakuna aliyewaambia mpaka wakazeeka? Nikajiambia, huyu naye aliokotwa kwa mtu, Mama akanyamaza. Paji la uso wako nikasema ni mazoea ya kuishi pamoja. Na nilifurahi, Dada. Nilikaa kwenye kiti cha labo nikafurahi. Miezi saba ya kumwosha, jina la Buyenzi, kila kitu, na mwisho wa yote Baba alikuwa wangu peke yangu. Barua yako ya Juni ilipofika umesaini "binti Amissi", nilicheka kwa sauti. Ndiyo maana mwezi wa Mei nilikuuliza ulizaliwa wapi. Ndiyo maana sikuandika tena. Sikutaka unipe jibu jingine litakalonivuruga.

Akili ilinirudia mara nyingi. Usiku wa kabla ya kukatwa, nilijua kabisa kwamba ni kichupa, na kwamba wewe uko Buyenzi hujapimwa. Nikasema nikipona nitaandika. Nikapona, nikasema wiki ijayo. Wewe ulidanganya kwa kuogopa. Mi nilinyamaza nikiwa najua, na kazi yangu ndiyo kujua. Miezi mitano.

Siombi msamaha kwa barua. Nimetuma kichupa cha Fatouma. Mwambie ukweli wote, ni mtu mzima.

Houda


Buyenzi, 8 Novemba 2025

Houda,

Wa alaykum salaam. Mvua imeanza. Dorothée anakusalimu, nimemwambia kila kitu, amelia, halafu amesema mate yake yamefika Ulaya kabla yake na anadai nauli.

Nimesoma barua yako nimesimama, maana mi siamriwi na mudogo wangu. Halafu nikakaa.

Ekografi nimefanya. Upande wa kushoto, sentimita nne. Chako kilikuwa tatu. Kwa mara ya kwanza katika maisha nimepata kikubwa kuliko chako. Daktari ameuliza, Mama, hamukujua mapema? Nikamwambia tulijua, tulikuwa na kazi nyingine. Hakuelewa. Anasema hakijatoka nje, kitatolewa, anafikiri figo litabaki lakini hawezi kuahidi. Anasema miezi mitano nyuma angeahidi. Nakuandikia hilo kwa maneno yake yenyewe, ukae nayo, kama mi ninavyokaa na ile breki.

Nina hasira nawe. Nina hasira mpaka meno yanauma. Kwamba ulikaa kwenye kiti ukafurahi kwamba mi apana mutoto wa Baba! Lakini kila nikianza kukulaani namuona Dorothée anatema kwenye kichupa na jina langu juu yake, na laana inarudi kinywani. Mutoto wa Baba ni mutu gani anayefanya hivyo? Na we, mutoto wa Baba gani? Tumemurithi sana, mpaka basi.

Dukani rangi sasa anapaka Fatouma. Macho yake mazuri. Anageuza kila breki mara mbili, kama Baba, na hakuna aliyemufundisha kugeuza mara mbili.

Nimemwambia. Aliuliza kama kijana wa watu wa matairi ana haki ya kujua, nikasema ana haki. Kijana amekuja, amesikia, amesema arusi itangojea jibu, halafu akasahihisha, akasema apana, arusi haingojei, yeye ndiye anangojea. Nimemupenda kidogo. Kichupa chake Fatouma ametema mwenyewe, ameandika jina lake kwa herufi kubwa. Consolate anapanda ndege Alhamisi.

Jibu langu uliniandikia kwa barua, likatembea mwezi mzima, nikavumilia. La Fatouma usiandike. Miaka miwili na zaidi sijapokea simu yako, na nilikuwa nimeapa. Nimefunga siku tatu za kafara ya kiapo. Namba ni ile ile.

Piga. Likiwa zuri piga, likiwa baya piga. Nitapokea.

Dada yako,
Saliha